Mwili kwa treni, robota kwa lori: SGR ya Dodoma kwa macho ya muuza vitenge

Nianze na usiku wa Gairo, maana bila huo hamtanielewa.

Ilikuwa masika ya 2024. Basi letu (jina naliacha, wenyewe wanajijua) lilikufa pale Gairo saa tatu usiku, tukitokea Dar. Konda akasema, "Dakika ishirini tu jamani, fundi yuko njiani." Gairo kuna baridi ya kwake peke yake, inapita kwenye khanga mbili kama hujajifunika kitu. Nikakaa juu ya robota langu la vitenge pembeni mwa barabara, kwa sababu buti lilikuwa wazi na wapita njia siwajui. Fundi alifika saa saba usiku na spana moja mkononi. Tuliingia Dodoma kumekucha, nikaenda dukani moja kwa moja, nikafungua, na mteja wa kwanza kuingia akanitazama chini akaniuliza, "Mama, mbona miguu imevimba hivyo, una presha?"

Sina presha. Nina Kariakoo.

Ninauza vitenge, khanga na madera kwenye duka dogo jirani na soko la Majengo, Dodoma mjini. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Mzigo naufuata mwenyewe, mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo njia ya Dar na Dodoma naijua kwa makalio yangu. Wenzangu wa kikoba wananiuliza kila Jumapili kama treni ya umeme ya Dar na Dodoma, hii ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, inamfaa mfanyabiashara mdogo au ni ya wabunge na watu wa wizarani tu. Nimechoka kurudia, naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia.

Treni ilianza safari za Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na Rais Samia akaizindua rasmi Agosti mosi. Sikukimbilia. Nilisema acha wenye tai waijaribu kwanza. Na kweli siku zile za mwanzo ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, tukaambiwa chanzo ni ngedere na bundi, mtaani tukacheka wiki nzima. Baadaye nilipoziona zile nyaya kwa karibu nikaacha kucheka. Waya wenye volti 25,000 si wa kubembea, hata uwe ngedere.

Nilipanda mara ya kwanza Oktoba mwaka huohuo, daraja la kawaida, nauli 31,000. Tangu siku hiyo basi la Dar nimepanda mara mbili tu, zote kwa misiba ya ghafla ambayo tiketi ya treni haikupatikana.

Sasa, niwaeleze kilichonibadilisha, na wala hakikuwa kasi.

Ni choo.

Wanaume mtanisamehe, lakini mwanamke yeyote aliyewahi "kuchimba dawa" anajua ninachosema. Basi linasimama porini, konda anapiga kelele, "Wanaume kushoto, kina mama kulia!" Unashuka na khanga yako, unatafuta kichaka, na kila kichaka kina mtu. Nyuma yako konda anapiga honi. Kuna mwaka nilikuwa na mimba ya miezi saba nikateremka korongo la Dumila nikashindwa kupanda, akanivuta binti mmoja wa sekondari ambaye hata sikumuuliza jina. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa sinywi maji kuanzia jioni ya kuamkia safari. Nimesafiri na kiu kama mtu aliyefunga, na kichwa kinagonga kuanzia Kibaigwa hadi Chalinze. Leo napanda treni na chupa yangu ya maji ya lita nzima, nainywa yote, nikibanwa nainuka, natembea hatua kumi, nafunga mlango. Narudi kwenye siti nikiwa mtu mwenye heshima zake. Hilo peke yake kwangu lina thamani ya elfu ishirini ya nauli.

Mwanangu wa kwanza anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Yeye ni wa kubishana. Akaniambia, "Mama, msiite hiyo treni ya mwendokasi. Mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa. Duniani reli mpya inahesabiwa ya mwendokasi kuanzia 250." Akanionyesha kwenye simu treni ya Morocco inayoitwa Al Boraq, inafika 320, na inatembea tangu 2018. Akanionyesha na ya Wajapani, hao walianza 1964, bibi yangu akiwa bado anatwanga mtama Kondoa. Nikatazama, nikasema hongera zao. Kisha nikamuuliza yeye: basi la kwetu linaruhusiwa spidi ngapi? Akasema 80. Nikamuuliza, na basi hilo linasimama wapi na wapi? Akaanza kuhesabu mizani, vituo, matuta, kula Morogoro, akanyamaza mwenyewe. Nikamwambia basi niache niite mwendokasi. Siku Morocco wakiuza vitenge vya bei nafuu nitapanda ya kwao.

Ila kwa haki yake, jina lenyewe linachanganya. Dar es Salaam ukisema "napanda mwendokasi" watakuelekeza kwenye mabasi ya Kimara. Sema SGR, kila mtu atakuelewa, hata bibi wa mihogo.

Nimepanda zote mbili. Ile ya kawaida inavutwa na kichwa cha umeme, mabehewa yanafuata nyuma kama tulivyozoea treni. Nyingine ndiyo hii waliyoibatiza Mchongoko kwa ajili ya ule mdomo wake uliochongoka kama wa samaki chuchunge. Ilianza Novemba 2024, imetengenezwa Korea Kusini na Hyundai Rotem, na haina kichwa cha kuifunga na kuifungua: mota zimo chini ya mabehewa yenyewe, ikifika mwisho wa safari dereva anahamia upande wa pili. Mchongoko ni ghali zaidi na inawahi zaidi. Mimi ni mtu wa ile ya kawaida. Tofauti ya nauli nanunulia doti moja na nusu ya jumla, na hiyo nusu saa ninayookoa sina cha kuifanyia, maana maduka ya Kariakoo ninakonunua yananisubiri.

Niwasimulie safari moja, ya alfajiri, kutoka Dodoma.

Nilikuta mzee amekaa siti inayotazamana na yangu, koti la suti, kofia, mkongojo ameulaza magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu akaongeza "Mbukwa" kwa kunipima kama ni mwenyeji. Mimi Mrangi, Kigogo changu ni cha sokoni, lakini nilijibu, akafurahi. Alikuwa anakwenda kwa binti yake Mbagala, apelekwe kupimwa macho. Mara yake ya kwanza kwenye treni hii. Tukawa tunaongea bei ya alizeti. Baada ya dakika kama tano akaniinamia, akanong'ona, "Mwanangu, hivi wanasubiri nini kuondoka?"

Nikamwonyesha dirishani. Mibuyu ilikuwa inarudi nyuma mmoja mmoja, haraka kama watu wanaokimbia mvua. Juu ya mlango wa behewa skrini imeandika 118. Akatazama mibuyu, akatazama skrini, akauweka mkono wake wote wa kulia kwenye sakafu ya behewa, kama unavyomgusa mtoto kuona kama ana homa. Akakaa hivyo muda. Kisha akasema, "Haina kiungo."

Sikuelewa. Akanieleza. Yule mzee kumbe aliingia kazini reli mwaka 1974, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kibarua kwenye gengi la kutengeneza njia pande za Gulwe. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, na spana ndefu, kukaza bolti pale pande mbili za reli zinapokutana. Ile *taka-taka, taka-taka* tuliyokuwa tunaisikia kwenye treni ya zamani ni gurudumu linagonga pale pale alipokuwa anakaza yeye. "Kila mlio ule," akaniambia, "ni mimi." Hii mpya reli zimechomelewa zikawa kitu kimoja, zimebanwa kwenye mataruma ya zege, gurudumu halioni pa kugonga. Na njia ni pana: ya Wajerumani ilikuwa mita moja kutoka reli hadi reli, hii ni milimita 1,435.

Kuanzia hapo sikulala tena, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulala. Tulipokaribia Gulwe alisimama kabisa, ameshika dirisha, anatafuta reli yake ya zamani. Aliiona mara moja, chini kule, imejificha kwenye nyasi, kisha ikapotea. Hapo kati ya Gulwe, Kidete na Kilosa ndipo maji yalipokuwa yanawatesa. Mto ukifura ulikuwa unachukua tuta lote, reli inabaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na wao wanapelekwa na mashepe usiku. Wajerumani walianza kuijenga ile njia kutoka Dar mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914, na mto haujawahi kuwaheshimu wala kuwaheshimu waliokuja baada yao. Hii mpya wameipandisha juu, madaraja na matuta marefu, na penye milima wametoboa.

Hayo mahandaki ya Kilosa yapo manne. Refu kuliko yote linapita kilomita moja. Unaingia, masikio yanaziba, mtandao wa simu unakatika, na watu wote waliokuwa wanaongea na simu wanabaki wanasema "haloo, haloo" kwa pamoja. Mimi hupenda sana pale. Siku hiyo nyuma yetu kulikuwa na kijana aliyekuwa anadai hela zake kwa sauti kuanzia Igandu, behewa zima tunajua anadai milioni moja na laki mbili na anayedaiwa ni shemeji yake. Handaki la kwanza likamnyamazisha. Mzee akasema, "Handaki lina adabu."

Ukitoka upande wa pili ni nchi nyingine. Dodoma umeiacha rangi ya chungu, Kilosa ni kijani mpaka macho yanauma. Halafu mbuga ya Mkata, kisha Morogoro na milima ya Uluguru imejifunga kilemba cha mawingu. Baada ya Morogoro sina la kusema, ni Ngerengere, Ruvu, Soga, watu wanaanza kuteremsha mabegi mapema kama kawaida yetu, na Pugu unajua umefika.

Pugu ndipo lilipowekwa jiwe la msingi, Aprili 2017. Nakumbuka kwa sababu ndiyo mwezi niliojifungua mtoto wangu wa mwisho, nikaliona tukio kwenye televisheni ya wodini. Waturuki wa kampuni ya Yapi Merkezi wakaanza kuchimba, na mimi nikaanza kunyonyesha. Mtoto ameshaanza shule ndiyo na mimi napanda.

Sasa Dar. Hapa wafanyabiashara wenzangu fungueni masikio, maana hapa ndipo treni inapoliacha basi mbali kuliko hata njiani. Basi la mkoani linakushusha Mbezi. Kutoka Mbezi hadi Kariakoo, na foleni ile ya Kimara na Ubungo, nimewahi kutumia saa mbili na nusu. Yaani umesafiri kutoka Dodoma, unaona umefika, kumbe una safari nyingine kama ya kwenda Morogoro. Stesheni ya treni iko mjini, ile yenye umbo la jiwe la tanzanite, iliyopewa jina la Magufuli. Ukishuka ngazi za umeme unatoka nje, Gerezani hii hapa, Kariakoo ile pale. Nikiwa sina haraka natembea kwa miguu. Nikiwa na haraka ni bodaboda ya elfu mbili, na hiyo elfu mbili nimeilipa kwa uvivu.

Hesabu yangu ya zamani kwa safari moja: nauli ya kwenda na kurudi, gesti ya Kariakoo 30,000 (ya 20,000 ina kunguni, nimejaribu), chakula cha siku mbili, nauli ya Mbezi kwenda na kurudi, na duka kufungwa siku tatu. Hilo la mwisho ndilo watu wanasahau kulihesabu. Siku tatu za duka kufungwa ni wateja wa sare za harusi wanaohamia kwa jirani na hawarudi. Sasa natoka alfajiri, naingia Kariakoo kabla ya adhuhuri, nanunua, napanda treni ya jioni, nalala kwangu. Gesti sijalala tangu mwaka jana. Duka linafungwa siku moja, na kama ni Jumatatu hata hakuna anayegundua.

Muda wa kununua ni mfupi, hilo niseme. Huwezi kuzunguka maduka ishirini kama zamani. Mimi sasa nawatumia picha kwa simu siku mbili kabla, wananitumia jora walizonazo, nikifika nakwenda kushika tu. Kushika lazima. Kitenge cha picha na kitenge cha mkono ni vitu viwili. Nalowanisha dole gumba, nalisugua kwenye rangi nyekundu upande wa ndani, nalitazama. Likitoka jekundu, narudisha jora mezani, hata kama muuzaji ananiita mama yake mzazi.

Haya, tuje kwenye mzigo. Hapa ndipo nitawavunja moyo baadhi yenu.

Treni hii ni ya abiria. Mzigo unaoruhusiwa ni begi lako la safari, kwa kipimo chake, na linapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Robota si begi la safari. Najua kwa sababu nililipeleka. Safari yangu ya pili, nikajitia ujuaji, nikasema robota langu ni dogo. Doti themanini! Nikalileta na mkokoteni mpaka nje ya stesheni, jasho linanitoka, na kijana wa ukaguzi akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, huo ni mzigo wa biashara." Kosa langu, masharti yameandikwa, sikusoma. Saa imebaki moja treni iondoke. Nikampigia mchukuzi wangu wa miaka yote pale Kariakoo, akarudi mbio na mkokoteni, nikamwachia mzigo wa milioni moja na nusu barabarani bila hata karatasi, nikakimbia. Nilikaa kwenye siti nimeshika tama mpaka Morogoro. Pale Morogoro simu ikalia: ametuma picha ya risiti, robota limepakiwa kwenye lori la Dodoma, na maandishi ya kalamu nene ubavuni, MAMA WA MAJENGO. Siku hiyo nilimwongezea elfu kumi na sijawahi kuijutia.

Tangu hapo utaratibu ni huo: mwili kwa treni, robota kwa lori. Begini naweka doti kumi na mbili za zile mpya kabisa ambazo wateja wananisubiri nazo, na nyingine zote zinakuja kwa barabara kwa elfu kumi na tano. Kuna watakaosema treni za mizigo zipo, zilizinduliwa Kwala Julai 2025. Zipo, ndiyo, na nazifurahia, lakini zile ni za makontena. Mtu mwenye robota moja hajapewa behewa lake bado, na mimi nikiulizwa alama natoa nane kwa kumi. Mbili nimezishikilia mkononi nasubiri behewa la vifurushi, lile la kupokea robota, magunia ya karanga na ndoo za samli, kama lililokuwepo kwenye treni ya zamani. Wakiliweka nazitoa siku hiyohiyo.

Vitu vidogo vidogo vya kujua kabla hujapanda.

Tiketi kata mapema, kwenye mtandao au dirishani, na namba ya kitambulisho iwe sahihi. Bunge likiwa linaendelea Dodoma, Ijumaa jioni kwenda Dar na Jumapili kurudi usitegemee kupata. Sikukuu ndiyo usiseme. Fika mapema kwa sababu lango linafungwa, na treni haina konda wa kumwomba "nisubirini niko kwenye bodaboda". Nimeshuhudia baba mmoja mwenye suti ya gharama akiliangalia behewa la mwisho likiondoka, simu bado iko sikioni.

Beba khanga au shuka. Kiyoyozi cha mle ndani kinafanya kazi kweli, na sisi wa mikoani tumezoea kiyoyozi cha basi ambacho ni kibandiko tu kilichoandikwa kwenye kioo.

Chakula kinauzwa ndani, bei ni ya ndani ya treni. Mimi nakwenda na maandazi yangu na yai la kuchemsha. Mayai matatu nilimpa yule mzee, akala mawili, la tatu akalifunga kwenye leso kwa ajili ya mjukuu.

Ukifika Dodoma usiku, panga usafiri wako kabla hujashuka. Stesheni haiko katikati ya mji kama ile ya zamani, na nje kuna madereva wa bajaji wanaokusoma uso. Mmoja aliniambia elfu ishirini hadi Majengo. Nikamwambia, kijana wangu, kwa elfu kumi na tatu nakwenda Morogoro hadi Dar kwa treni ya umeme, wewe unanipeleka Majengo kwa elfu ishirini una mabawa? Wenzake wakacheka, tukamalizana kwa elfu sita, na njiani tukawa marafiki. Siku hizi nampigia simu nikiwa Igandu, nakuta ananisubiri.

Kuna rafiki yangu wa nyanya, yeye bado ni wa basi na atabaki kuwa wa basi, kwa sababu basi linasimama Kibaigwa mlangoni kwa wakulima wake na treni haipiti huko kabisa. Simlaumu. Na ukiwa na safari ya kushuka Gairo, Dumila au Chalinze, yote niliyoandika hapa hayakuhusu.

Yule mzee tulifika naye hadi kwenye ngazi za umeme. Alizikataa. Akasema treni ameikubali, ngazi hapana, tukashuka zile za kawaida, taratibu, mkongojo mbele. Binti yake alikuwa chini anampungia. Mzee akanishika mkono, akaniambia, "Ukirudi jioni, pale Gulwe nisalimie." Nikarudi jioni. Gulwe tulipita ni giza, sikuona kitu zaidi ya taa za stesheni, lakini nilisalimia.

Nililala kwangu usiku huo, asubuhi saa mbili nikafungua duka na zile doti kumi na mbili. Hadi saa sita nilikuwa nimeuza saba. Robota lilifika saa kumi jioni, kwenye toroli, ubavu mmoja umelowa. Mpakuzi akaniambia lori lilikesha Gairo na mvua. Nikalifungua palepale kibarazani, nikatoa doti nne zilizolowa, nikazianika kwenye kamba ya jirani. Hazikutoa rangi.